Kabuti la Mtani

Wanafunzi walikuja kwangu wakisema kichwa. Hakuna aliyesema kitu kingine. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, katika chuo cha ualimu nje kidogo ya mji wa Korogwe, na mimi nilikuwa dresa wa chuo, mfunga vidonda na mgawa dawa. Nilikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja, kabati la dawa lenye kioo kilichopasuka, na benchi nje barazani. Malaria niliijua, minyoo niliijua, kidonda cha mguu nilikijua kabla hakijafunuliwa. Lakini kulikuwa na kichwa cha namna nyingine, kisichokuwa na joto wala kujali aspirini, na mwenye kichwa hicho alikaa akitazama sakafu kama mtu aliyedondosha kitu. Siku hizi nasikia vyuo vikuu vina watu waliosomea kusikiliza wenye vichwa vya namna hiyo, wana ofisi na viti viwili vinavyotazamana. Sisi tulikuwa na benchi, na kwenye benchi watu hawatazamani.

Nilikuwa na njia yangu, ambayo hakuna aliyenifundisha. Bandeji zetu tulizifua na kuzitumia tena, na zikishakauka lazima zikunjwe upya, moja moja, kwa kubana. Kazi hiyo haiishi. Basi kila aliyekuja na kichwa kisichokuwa na homa nilimpa rundo la bandeji, nikakaa kando yake nikakunja langu. Siku ya kwanza hasemi. Siku ya pili anauliza kama chumvi ni dawa ya jino. Siku ya tatu, mikono ikiwa imezoea, mdomo nao unafunguka: baba ameuza ng'ombe wa mwisho kumlipia ada naye hesabu hazimwingii, au ameota mambo asiyoweza kumwambia padri wala shehe. Mimi nilisikiliza, na nikikumbuka neno nilisema. Wengi walipata nafuu, na wasiopata nafuu walau bandeji zilikunjwa.

Mkuu wa chuo, Mwingereza mrefu aliyezungumza Kiswahili kama anayesoma barua ya mtu mwingine, alinisifu kwa utulivu wangu. Wote waliniona mtulivu. Ukweli ni kwamba sikuwa na kitu cha kutuliza. Nilitoka kwetu Handeni kijana mwenye makelele, nikaenda vitani Burma nikibeba machela, nikarudi nimekufa ganzi. Sisemi mkono au mguu. Nilikuwa nakunywa chai inayochemka na mke wangu ananitazama kwa hofu. Jua la Korogwe, ambalo humfanya hata mbuzi atafute ukuta, kwangu lilikuwa mwanga tu.

Mama yangu alifariki nikiwa huko. Nilifika nyumbani siku ya arobaini yake, mzigo bado begani. Watani walikuwa wamekuja, Wanyamwezi wa kambi za mkonge, na mmoja wao alikuwa amevaa kaniki ya mama na kushika fimbo yake, akimwigiza anavyowafukuza kuku jikoni na kuwatukana kwa majina. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara; wao wakifiwa sisi ndio tunaowachekesha, na tukifiwa sisi ni wao. Yule mtu alimpata mama barabara, hata kikohozi chake. Watu walicheka huku wakilia, kama inavyotakiwa. Mimi nilicheka kwa sababu wenzangu walicheka. Nilikaa pale nikingoja kilio kinijie, kisha pilau likaletwa nikala.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nilipopewa kazi ya kuwasikiliza wanafunzi. Mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, wanasema. Hapa mjinga hakuerevuka, alikaa kimya tu wakadhani ana hekima.

Kijana ninayetaka kumweleza alikuwa Mnyamwezi, mzaliwa wa Mazinde, kwenye kambi ya wakata mkonge. Baba yake alikuja kutoka Tabora kama manamba, kibarua wa mkataba, na hakurudi. Alikufa mwaka ambao kijana alikuwa anaingia chuoni, na kitu pekee alichomwachia ni kabuti la kijeshi, zito, la rangi ya majivu, alilolinunua katika duka la Mhindi hapo mjini. Kijana alitembea nalo begani hata jua likiwaka. Nilipojua ni Mnyamwezi tuliacha mambo ya shikamoo siku hiyo hiyo. Alikuwa akinikuta barazani ananiambia, "Mtani, bado hujafa?" Namjibu, "Nangoja kukuzika kwanza, nirithi hilo kabuti." Wenzake walipenda kusimama kutusikiliza.

Kisha akapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya jirani, na mwalimu wake akaenda kumkagua. Kijana alisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, na sauti haikutoka. Hakukohoa wala hakuomba ruhusa, alisimama tu hadi kipindi kikaisha. Mwishowe mtoto mmoja wa mstari wa mbele aliinuka, akaitoa chaki vidoleni mwake taratibu, akairudisha mezani. Habari hiyo ilimtangulia kurudi chuoni.

Alikuja kwangu akasema kichwa. Na hapa ndipo nilipokosea. Mwingine yeyote ningempa bandeji. Yeye alikuwa mtani wangu, na mtani hapewi pole, hupewa maneno. Nikamwambia nimesikia amefundisha somo la kunyamaza na watoto wamelielewa vizuri kuliko hesabu zake. Alicheka. Alikuja tena kesho yake, na keshokutwa, na kila siku nilikuwa na jipya la kumwambia. Nilidhani namtibu. Kumbe nilikuwa nafunga mlango kwa kelele, na yeye nje anabisha.

Wiki ya tatu mkuu alitangaza kwamba kijana atapewa nafasi nyingine, huko Vugiri milimani, kuanzia Jumatatu. Alhamisi kijana akaja barazani na kabuti begani kama kawaida.

"Leo hilo kabuti ni langu," nilimwambia, kama nilivyokuwa nimemwambia mara nyingi.

Siku zote alikuwa akinijibu kwamba Mzigua hajui hata kufunga kifungo. Siku hiyo alilitoa begani akaninyooshea. "Chukua, mtani."

Nikalivaa. Nikatembea nalo barazani nikiigiza askari wa zamu, bunduki ya ufagio begani, na wanafunzi wakacheka mpaka mpishi akatoka jikoni kutazama. Yeye alitabasamu. Kisha akatoa kalamu yake ya wino akaitia katika mfuko wa kabuti, nikiwa nimelivaa, akapapasa mfuko mara moja kuhakikisha imekaa. Nayo nikaichukua, maana mtani akipewa hakatai.

Mke wangu alikuwa Handeni kwao wiki hiyo. Alirudi Jumapili mchana akakuta kabuti limetundikwa kwenye msumari. Yeye pia ni Mzigua, tena anajua mambo hayo kuliko mimi, maana shangazi zake ndio wanaoitwa kwenye misiba ya watani.

"Hili umelitoa wapi?"

Nikamweleza, nikicheka kidogo.

"Alikufukuza?"

"Hapana."

"Alikutukana?"

"Hapana. Alinipa na kalamu."

Aliweka chini ndoo aliyokuwa ameshika. "Mtani akichukuliwa kitu chake anapiga kelele hadi majirani watoke. Asipopiga kelele si utani huo. Hujamwibia, baba. Amekurithisha." Kisha akasema, kwa sauti ndogo zaidi, "Na kesho si anapanda Vugiri? Masika hii, kwenye ukungu ule, atavaa nini?"

Nilimtazama. Nilielewa kila neno. Nilijua pia kwamba mtu mwingine mahali pangu angekuwa anatetemeka, na kwa hiyo nikafanya haraka, kama ninavyofanya kila kitu, kwa kukumbuka jinsi wenye hisia wanavyofanya. Nilivaa kabuti, sijui kwa nini, nikachukua baiskeli.

Bwenini walisema ameondoka baada ya chakula, amekwenda Mazinde kumuaga mama yake. Sanduku lake lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa kamba vizuri, na shuka limekunjwa juu. Nikaendesha hadi njia panda. Pale nikakutana na mama mmoja mtu mzima kutoka Mnyuzi, ana mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Angalau wewe una salamu." Alisimama kunieleza, maana lilikuwa limemkera. "Vijana wenu wa chuo siku hizi wamekuwaje? Nimempita mmoja amekaa kando ya reli. Hana shikamoo. Nikasema labda hajaniona, nikamwanza mimi. Hakuitika. Ananitazama tu."

"Wapi, mama?"

"Huku nilikotoka. Njia ya Mnyuzi."

Mazinde iko upande mwingine kabisa. Sikumshukuru yule mama, na hilo nalijutia hadi leo, maana atakuwa alifika sokoni akasema na dresa pia hana adabu.

Nilimkuta umbali wa kama saa moja kwa baiskeli. Alikuwa amekaa kwenye majani juu ya tuta la reli, mvua nyembamba ikimnyeshea, amevaa shati tu. Viatu vyake alivivua, akavipanga pamoja juu ya taruma la reli, visigino vikiwa sawasawa. Niliweka baiskeli chini, nikapanda tuta, nikakaa kando yake, nikaingiza vidole katika mkanda wa suruali yake kwa nyuma nikashika. Hakugeuka. Sikuogopa. Naliandika hili kwa aibu: nilikaa pale na mtoto wa watu kando ya reli, nikajikuta nahesabu misumari ya mataruma.

Treni ya mizigo ikapita, imebeba mkonge. Tuta lote likatikisika. Alijivuta mbele kidogo, au labda ni tuta lililotikisika, mimi sikuachia mkanda. Ilipokwisha kupita vidole vyangu vilikuwa vimeganda vikakataa kufunguka.

"Sisikii kitu, mtani," alisema. "Watu wanadhani nina huzuni. Huzuni ningeijua."

Hapo nilikuwa na maneno kumi ya utani na sikusema hata moja. Nikamwambia kuhusu chai ninayoinywa ikichemka. Nikamwambia kuhusu kaniki ya mama na lile pilau. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu aliyajua kwa kuona tu.

Alinigeukia. "Sasa unaishi vipi?"

"Nakunja bandeji."

Mvua iliongezeka na viatu vyake vikaanza kujaa maji.

"Hili kabuti," nikamwambia, "sikurudishii. Nimekuja kukwambia kwamba wewe ni mtani mbaya. Umeniacha niibe bila kupigana, umenifedhehesha. Nitalivaa kila siku mbele ya macho yako mpaka uninyang'anye. Kabla ya hapo huna ruhusa ya kwenda mahali."

"Chukua tu," alisema.

"Hiyo si kelele. Vaa viatu."

Akavaa. Hakuvivaa kwa sababu nilimshinda. Nadhani alivivaa kwa sababu aliambiwa, na kutii kulikuwa rahisi kuliko kukataa. Tulirudi kwa miguu, mimi nasukuma baiskeli kwa mkono mmoja, mwingine kwenye mkanda wake.

Wakati ule serikali ilikuwa na sheria ya kumshitaki mtu aliyejaribu kujiua. Kwa hiyo katika daftari la wagonjwa niliandika malaria. Mkuu wa chuo alilisoma, akanitazama, akauliza malaria hiyo itachukua muda gani. Nikamwambia sijui, bwana mkubwa, ni ile ya ndani. Alizungusha kalamu yake, akasema Vugiri inaweza kungoja. Sijui alielewa kiasi gani. Sikumuuliza.

Kijana akalala kwetu wiki mbili, kisha akarudi bwenini, na kila siku baada ya vipindi alikaa benchini akakunja bandeji. Mke wangu alimpa mahindi ya kupukuchua siku bandeji zilipokwisha. Hakuongea sana. Kuna siku alikunja bandeji mia bila neno, na kuna siku alisema baba yake alikuwa na miiba ya mkonge mikononi ambayo haikuwahi kutoka, mama alikuwa akiitafuta kwa sindano jioni. Nilijifunza kunyamaza vizuri zaidi. Utani niliuacha kabisa. Nilibaki na kabuti tu.

Nililivaa Aprili, nikalivaa Mei. Korogwe ile, na joto lile. Watoto wa mjini walinifuata wakiimba kwamba dresa ana homa. Yule Mhindi mwenye duka, aliyeliuza mwanzoni, alitoka nje akaniuliza kwa upole kama nimepata ajali ya kichwa. Mwalimu mmoja alilalamika kwa mkuu kwamba nawatia wanafunzi aibu. Mimi sikuona joto, kwa hiyo haikuwa ushujaa. Kila asubuhi nilipita mbele ya kijana nikifunga vifungo pole pole, nikimtazama. Naye alinitazama kama unavyotazama kabuti. Nililokuwa nikilingoja lilikuwa hilo moja: atalidai au hatalidai. Mke wangu aliniuliza kila jioni, "Amelichukua?" Nikasema bado. Akarudi kwenye sufuria yake.

Julai mkuu aliniita. Walikuwa wanapeleka wanafunzi sita Vugiri, na alitaka kujua kama malaria imekwisha. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Anakula, analala, amefundisha darasa dogo la majaribio hapa chuoni na sauti ilitoka, nyembamba, lakini ilitoka. Kabuti hakulichukua. Mkuu akauliza kabuti linahusu nini. Nikasema ni mila tu. Akaandika jina la kijana kwenye orodha, na mimi nikatoka nimebeba uamuzi ambao sikujua kama ni wangu.

Asubuhi ya safari kulikuwa na ukungu hata huku bondeni. Lori liliegeshwa mbele ya jiko, wanafunzi wanapandisha masanduku na magunia ya mchele. Kijana alipanda, akakaa ubavuni, amevaa shati. Nilisimama chini, nimefunga vifungo vyote hadi shingoni. Tukatazamana. Nilitaka kumwambia, livae, acha mchezo, huko juu utakufa kwa baridi. Nilijua nikimpa kwa mkono wangu nitakuwa nimemzika. Mikono yangu ikabaki mifukoni, na mmoja ulikuwa umeikuta kalamu yake ya wino.

Lori likaanza kuondoka. Lilifika kwenye lango, likapunguza mwendo, kisha likasimama, maana mtu alikuwa anagonga bati la dereva kwa ngumi. Aliruka chini akaja mbio.

"Wee Mzigua!" Sauti hiyo ilisikika hadi reli. "Mwizi wa kabuti la marehemu! Unadhani nitakwenda kuganda milimani wewe ujipambe mjini? Vua!"

Hakungoja nivue. Alinishika ukosi. Nami nikapigana, maana ndiyo heshima yenyewe. Nilimtukana ukoo wake wote hadi Tabora, nikamshika kiuno, tukaanguka kwenye tope la mbele ya jiko. Wanafunzi walipiga kelele, mpishi akashika kichwa, mkuu wa chuo akatoka ofisini akasimama ngazini. Kijana alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Alinigeuza, akavuta mkono mmoja, akavuta wa pili, kifungo kikakatika, na kabuti likatoka. Alilivaa pale pale juu ya tope, akapapasa mfuko kuona kama kalamu ipo, akanitazama akihema. Alikuwa analia na anacheka.

"Ukifa kabla sijarudi," alisema, "nitakuigiza vibaya."

Akapanda lori. Likaondoka.

Mkuu alirudi ofisini. Nilikwenda kukaa kwenye benchi langu, nimevaa shati lililochanika na kifungo kimoja mkononi. Rundo la bandeji lilikuwa pale. Nilichukua moja nikaanza kukunja, ikawa inalegea, nikaikunjua nikaanza tena. Sikuelewa kilichokuwa kinaipata mikono. Kisha nikaelewa: nilikuwa nasikia baridi. Mabega yangu yalikuwa baridi, mgongo ulikuwa baridi, meno yalikuwa yanagongana, katika Korogwe, asubuhi ya kawaida ya Julai.

Mke wangu aliletewa habari kwamba nimepigana na mwanafunzi. Alikuja karibu anakimbia, akanikuta nimeinama, nalia kwa sauti kama mtoto, siwezi kunyamaza. Akanishika bega.

"Nani amekufa?"

Ilinichukua muda kulitoa neno. "Mama," nikamwambia. "Mama amekufa."

Hakuniambia kwamba miaka mingi imepita. Alitandika khanga yake sakafuni mwa baraza, akakaa, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyokaa msibani, akaanza kulia pamoja nami.